Mrusi Ambaye Hakusoma Urusi

Baba yangu alisomea udaktari wa mifugo katika Umoja wa Kisovieti, na kaka yake alisomea uchumi Marekani. Waliondoka Nyeri miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati mataifa hayo mawili yalipokuwa yakishindana kuwasomesha vijana wa Afrika ili kila moja lipate marafiki. Hakuna kati yao aliyechagua upande. Mkubwa aliitwa kwanza, akapanda ndege. Mdogo alipoomba, nafasi zilizokuwa zimebaki ni za upande ule mwingine.

Waliporudi, Baba Mkubwa alipewa ofisi Nairobi. Baba alipelekwa Kieni kuchanja ng'ombe, na kwa muda mrefu kulikuwa na bwana mmoja wa serikali aliyekuja nyumbani kunywa chai na kumuuliza anasoma magazeti gani. Majirani walimwita Mrusi. Sisi watoto tuliitwa watoto wa Mrusi, tukazoea.

Sasa wote wamestaafu. Baba anaishi Ruring'u, karibu na shule ya wasichana ninakofundisha historia. Baba Mkubwa yuko Chaka, anafuga kondoo. Jumapili alikuwa akitoka kanisani anakuja kwetu kula na kubishana na mdogo wake.

Jumapili ya kwanza baada ya vita kuanza Ukraine, alimkuta Baba mbele ya televisheni.

"Mrusi, watu wako wameamka," alisema hata kabla ya kuketi. "Ati wanataka kumeza jirani mzimamzima."

Baba hakugeuka. Kwenye televisheni kulikuwa na jengo refu lililobomoka upande mmoja, mapazia yakipepea nje.

"Hao si watu wangu," alisema. "Hapo ni Kharkiv, iko Ukraine. Hapo ndipo nilisoma."

"Si ulisoma Moscow?"

"Moscow nilibadilisha treni tu."

Baba Mkubwa alibaki amesimama. "Sasa mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Umezeeka ukiniita Mrusi, na hujawahi kuniuliza nilikuwa mji gani."

Mama alikuwa ameshika sufuria ya mukimo mlangoni. Baba Mkubwa alichukua kofia yake, akasema amekumbuka ana mgonjwa wa kuona Mweiga, akaenda bila kula. Jumapili iliyofuata hakuja. Mama alipompigia simu, alisema goti linamsumbua. Wiki zikapita, goti likawa halijapona.

Baba aliendelea kutazama taarifa ya habari kila jioni. Tulipojaribu kuzungumza naye kuhusu Kharkiv, alijibu kwa ufupi: kulikuwa na tramu, kulikuwa na baridi, watu walikuwa wazuri.

Darasani tulipofika kwenye Vita Baridi, nilimwomba aje azungumze na kidato cha nne.

"Nitakuja kama huyo wa Chaka atakuja," alisema. "Nikiwa peke yangu, watafikiri hii hadithi iko na upande mmoja."

Jumamosi nilienda Chaka. Baba Mkubwa alikuwa zizini na gambuti, anatembea vizuri kabisa.

"Amekutuma?" aliniuliza.

"Amesema hawezi kuja bila wewe, Baba Mkubwa."

Alikwangua tope kwenye gambuti kwa kijiti, moja, kisha nyingine. "Mwambie nitavaa tai," alisema.

Walikaa mbele ya darasa kwenye viti vya walimu, tai zote mbili zimekazwa. Walisalimiana kwa mkono kama watu waliokutana benki. Baba Mkubwa alieleza habari za mikopo na misaada, Baba akaeleza kiwanda cha trekta alichopelekwa kutazama. Wasichana walikuwa wameanza kusinzia. Ndipo mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Mlipokuwa huko, mlikuwa mnaonana kama maadui?"

Baba Mkubwa alikohoa. "Mimi nilikuwa naalikwa kwenye makanisa ya wazungu niseme asante," alisema. "Siku moja mama mmoja aliniuliza kama niko na ndugu. Nilijua nikisema yuko kwa Wakomunisti, chakula kitakwama watu kooni. Nikasema niko na dada peke yake."

Nilimtazama Baba, nikaogopa.

"Mimi sikukukana," Baba alisema polepole. "Mimi niliwaambia uko Amerika, unalazimishwa kuchuma pamba."

Wasichana walicheka hadi mwalimu wa hesabu akachungulia dirishani. Baba Mkubwa alicheka kuliko wote, akapangusa macho kwa ncha ya tai. Kisha akamgeukia Baba kana kwamba sisi hatupo.

"Huo mji wako. Uko na mtu huko?"

"Nilikuwa na rafiki. Tulilala chumba kimoja. Alinifundisha kuvaa soksi mbilimbili. Sijui kama yuko hai."

Jumapili hiyo Baba Mkubwa alikuja na mjukuu wake aliyesomea kompyuta. Walimtafuta yule rafiki mtandaoni mchana kutwa, lakini jina lake ni la kawaida kule. Walituma ujumbe kwa kila mzee aliyekuwa nalo, kwa Kirusi cha Baba kilichochakaa, wakangoja.

Mmoja tu alijibu. Alisema siye, hakuwahi kumjua Mwafrika yeyote, lakini anashukuru kwamba kuna mtu mahali fulani anauliza. Baba alimwomba mjukuu asome tena. Halafu alisogeza kiti karibu na kompyuta, akaanza kutafuta maneno ya kumuuliza mtu huyo kama ana stima, na kama ana kuni za kutosha.

"Muulize pia kama ana mifugo," Baba Mkubwa alisema.