Shemeji Aliyekwenda Kunywa Maji

Dada yangu alirudi nyumbani kwetu Magu akiwa na jicho lililovimba. Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya pili mtemi alimtoza mumewe mbuzi; alilipa, kisha akampiga dada tena. Basi shemeji alipokuja kumchukua mkewe, baba alimwambia, "Mbuzi wamechoka," akampeleka kwa vijana wenzangu wa kikundi cha kulima.

Tulimpa sharti. Alime nasi msimu mzima wa pamba, na kila akipandwa na hasira amkabidhi mwenzake jembe, aseme kwa sauti, "Nimekasirika," ashuke ziwani anywe maji, ndipo arudi. Kama dada atamrudia au la, ataamua dada mwenyewe.

Mwenzake nilichaguliwa mimi, kwa sababu sisemi sana.

Juma la kwanza alikasirikia kila kitu: jua, magugu, hata ngoma yetu ya kulimia. Alikuwa akipanda kutoka ziwani ndevu zimelowa, vijana wanamngoja.

"Shemeji, samaki umewaachia maji?"

"Kidogo," alijibu siku moja, na mwenyewe akacheka.

Baadaye, tukiwa tumeinama, aliniambia bila kunitazama, "Nilikuwa nasema dada yako ananikasirisha. Kumbe hata magugu yananikasirisha, na magugu sikuyaoa."

Nikaendelea kulima.

Siku ya kupalilia shamba letu, dada alituletea uji. Kibuyu kilimponyoka, uji wa moto ukammwagikia shemeji miguuni. Ngoma ikanyamaza. Dada akarudi nyuma, mkono usoni.

Shemeji akanipa jembe. "Nimekasirika," akasema, akateremka zake.

"Anakwenda wapi?" dada aliniuliza.

"Kunywa maji."

"Na haya ya mtungini yana nini?"

Tulicheka mpaka mpiga ngoma akakaa chini.

Shemeji aliporudi alisimama mbali naye kidogo. "Mke wangu, wewe hukuungua?"

Dada aliokota kibuyu. "Sikuungua. Ila uji umekwisha. Nenda kapike mwingine."

Alikwenda, akapika. Ulikuwa na madonge, tukaunywa wote.

Jioni dada alimwambia baba, shemeji akisikia, kwamba atarudi kwa mumewe pamba ikishachumwa, si kabla. Na mkono ukiinuka tena, hatarudi kamwe. Shemeji aliitikia kwa kichwa, kisha akaniomba jembe lake. Nilikuwa bado nimelishika.