Vipimo vya Biarusi Vilipotufungia Nje

Siku hiyo kwenye duka langu la ushonaji tulikuwa mimi, shangazi, mamake biarusi, na dereva wa tuktuk aliyemleta, ambaye alishapata nauli yake lakini hakutaka kupitwa na jambo.

Mama huyo alikuja kuliona gauni la bintiye. Gauni lilikuwa bado kitambaa. Fundi wetu wa kike alikuwa amejifungua alfajiri, na arusi ni keshokutwa.

"Nitakata mimi," akasema shangazi. "Nipe vipimo."

Vipimo vilikuwa kwenye kompyuta. Mpango wa kompyuta wa kuvitunza aliutengeneza mdogo wangu, anayesoma chuoni mtaa wa Buxton, hapahapa mjini. Mimi ndiye niliyetaka ulinzi mkali, maana kiuno cha mteja mmoja kiliwahi kujadiliwa barazani kwa wanywa kahawa. Mdogo wangu akaweka masharti matatu, na lazima yatimie yote pamoja: vipimo avione fundi tu, vya wanawake avione mwanamke tu, na vifunguke kwenye kompyuta ya duka tu.

Nikajaribu mimi. Fundi, ndiyo; mwanamke, siyo. Ikakataa.

Akajaribu shangazi. Mwanamke, tena sana. Lakini nilikuwa nimemwandikisha kama mpokea wageni, kwa kuwa alisema amechoka na mikasi. Ikakataa.

"Umefunga nyumba vizuri, mwanangu," akasema. "Hata wenyewe tuko nje."

"Si mumpime tena?" akauliza dereva.

"Yuko Lamu kwa bibi yake, anasingwa mwili kwa manukato," mama akajibu. "Na simu zote tumezima apate utulivu. Wewe huna abiria?"

Nikampigia mdogo wangu.

"Kaka, nikiwa huku hata mimi siingii. Si wewe ulitaka?"

"Basi njoo!"

"Niko kwenye foleni, nangoja kumwonyesha mwalimu mpango huohuo! Kwamba hakuna awezaye kupenya."

"Mwambie ni kweli. Njoo."

Dereva alishawasha tuktuk.

Mdogo wangu alipofika alimgeuza shangazi kuwa fundi kwenye kompyuta, na mkasi ukaanza kulia kabla hajaketi. Zamu yake chuoni ilikuwa imepita. Mwalimu alimpa nyingine, kwa sharti aje na mwenye duka, aeleze mwenyewe ilikuwaje akafungiwa nje.

"Utakuja, kaka. Nakudai."

Mimi niliyeishia darasa la sita! Nikakubali.

Gauni lilimkaa biarusi sawasawa, likavaliwa, arusi ikapita. Zamu yetu ni Jumatatu. Kila jioni nafanya mazoezi mbele ya shangazi, na kila nikifika sharti la pili ananikatiza: "Haya, waambie wasomi, wewe ni mwanamke au si mwanamke?"