Niliagiza injini ya HO, dada akasikia O

Wakuu salamu, na wale wa Kinoo mnaojificha humu pia nawaona.

Kuna member ameuliza aanze na scale gani, yaani kipimo gani, ya treni za model, hizi ndogo za kujengea nyumbani. Naona anajibiwa mambo ya vitabuni. Mimi nitawapa yaliyonipata, na sitii chumvi. Kama naongopa, hii injini iliyo mbele yangu inikanyage.

Baba yangu aliendesha treni za mvuke enzi zake. Uzeeni kisukari kikaanza kumla macho, na daktari akatuambia wazi tusitegemee aone hata mwaka mmoja zaidi. Hapo ndipo nilipoingiwa na wazimu wa kumjengea reli sebuleni, aione treni ya mvuke ikitembea kabla hajaacha kuona kabisa.

Swali la kwanza lilikuwa hilo lenu: scale gani?

Scale ya N ni ndogo mno, unaweza kuimeza na ugali. O ni kubwa, na sebule yangu ilikuwa ya kochi moja na mtu mmoja aliyekaa vizuri. HO iko katikati, treni ya kweli ikipunguzwa mara themanini na saba. Tena kulikuwa na mzungu wa Loresho akihama, akaniuzia reli za HO na behewa moja. Injini hakuwa nayo.

Nikapigilia reli kwenye plywood, nikaweka na stesheni ya kadibodi. Ikabaki injini tu.

Dada yangu Njeri yuko Marekani. Miaka hiyo, kuongea na mtu wa majuu bila kufilisika ilibidi uingie cyber, duka la intaneti, pale town, uvae headphone, upige kelele mpaka cyber nzima ijue mambo ya kwenu. Nikamwambia, "Nunua ya mvuke. Scale ni HO. Ho!"

Wale wa kwetu Nyeri mshajua mkosi ulianzia wapi. H yetu ikitakiwa haipo, isipotakiwa inakuja mbio. Mimi nilijisikia nikisema Ho. Njeri, ambaye siku hizi anaongea kwa pua, alisikia O.

Injini ililetwa na rafiki yake aliyekuja nyumbani kwa harusi. Tukapatana Jumamosi kwenye mkahawa town. Alipoweka boksi likajaa meza, na moyo wangu ukapiga paa. Lilikuwa na O kubwa ya kusomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

"Narudi Marekani kesho usiku," akaniambia. "Ukitaka Njeri akubadilishie, nipigie kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nikishafunga bag, basi."

Nyumbani niliijaribu juu ya reli zangu. Reli zote mbili ziliingia katikati ya magurudumu, injini ikakanyaga ubao. Nilimkasirikia Njeri, nikaikasirikia na H yenyewe.

Kuibadilisha kulimaanisha kusubiri mtu mwingine asafiri, na macho ya baba hayasubiri mtu. Kubaki nayo kulimaanisha injini isiyo na reli. Jumapili mchana nilikuwa nimeamua irudi. Nikaifunga boksini, nikaweka simu karibu, tayari kumpigia yule rafiki.

Baba akaja kutoka kanisani, ameshika bega la mama. Akakaa, kofia magotini.

"Aya, treni iko wapi?"

Nikamwambia injini imechelewa. Ili asivunjike moyo, nikampa lile behewa la HO. Akalisogeza hadi karibu liguse jicho. Akaligeuzia dirishani. Mwishowe akalitikisa sikioni.

"Ii ni nini? Kiberiti?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa. Muda wote huo nilikuwa nikijenga kitu ambacho mtu niliyemjengea asingekiona. Nikatazama saa, kumi na mbili inakaribia. Nikararua boksi, nikamwekea ile injini mapajani.

Kwanza hakuitazama. Aliipapasa. Dohani, tangi, kisha magurudumu, moja baada ya jingine. Mama alitaka kusema kitu nikamwashiria anyamaze. Kidole cha baba kikasogea nyuma hadi kibanda cha dereva, kikaingia dirishani, kikatulia.

"Apa," akasema. "Apa ndiyo nilikuwa nasimama."

Kisha akaiinua kwenye mwanga, akaanza kucheka peke yake. "Na moshi inatokea uku. Naiona!"

Simu ikaita. Yule rafiki wa Njeri alikuwa anauliza kama aje kuichukua. Nikamtakia safari njema.

Reli za O zilichukua muda kufika. Zilipofika kochi lilitoka sebuleni, na baba alikuwa haoni tena. Sasa anaweka kidole kando ya reli na kunitangazia treni iko kona gani. Hakosei.

Kwa hivyo wewe uliyeuliza, pima chumba chako, sawa. Lakini kabla ya chumba, jiulize unamjengea nani, na umtie mkononi kabla hujapigilia hata msumari mmoja. Mimi nilifanya kinyume, nikaokolewa na lafudhi.

Nyinyi wengine mlichaguaje? Mwageni hapa chini. Na watu wa Nyeri, ukiagiza kitu majuu tafadhali andika, usitamke.