Karanga za Mwalimu Febronia

Kabla Radhia hajaja, watoto wa shule ile walinyamazishwa na viatu. Vilikuwa viatu vya ngozi vya Mwalimu Febronia, alivyovinunua mnadani Ikungi mwaka ule mitumba ilipoanza kumwagika nchini. Vikigonga sakafu ya baraza, darasa la kwanza mpaka la saba kimya. Alikuwa mwalimu wa nidhamu kwa miaka kumi na minne, na hakuwa na cheo kingine. Aliingia kazini enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, msichana wa darasa la saba aliyejifunza ualimu huku akifundisha, na waliotoka vyuoni baadaye walilitamka neno hilo, "mwalimu wa UPE," kama mtu anayetema ganda. Nidhamu ndiyo iliyomsitiri. Kwa ajili yake wazazi walishuka kwenye baiskeli wakikutana naye njiani.

Radhia alikuja mwaka tisini na tano, kutoka Chuo cha Ualimu Kinampanda. Baba yake, Mzee Nasri, alikuwa na duka la vitambaa na mafuta pale Singida mjini, na binti alishuka kwenye lori na chupa saba tupu za mafuta na kaunta buku moja nene.

"Za nini hizo?" Febronia alimuuliza.

"Shikamoo mama. Za nidhamu."

Kila kosa liliandikwa kwenye kaunta buku: siku, saa, mahali, kilichotokea, aliyeona. Kila jambo jema lilikuwa mbegu moja ya alizeti ndani ya chupa ya darasa. Ijumaa Radhia alichora nguzo za chaki ukutani, moja kwa kila wiki, ndefu au fupi kwa kadiri ya makosa, na darasa lenye mbegu nyingi lilipewa heshima ya kugonga ile ringi ya gari iliyokuwa kengele ya shule, wiki nzima.

"Hatuwachapi tena?" Febronia aliuliza ofisini.

"Tunaandika kwanza, mama. Tukijua wanapigana wapi na saa ngapi, tunakwenda kutengeneza pale mahali."

"Mtoto hapigani na mahali. Anapigana na mtoto mwenzake."

Walimu walicheka, naye akanywa chai yake akiona ameshinda. Lakini kaunta buku lilionyesha ugomvi mwingi uko kwenye pampu ya maji asubuhi, kwa sababu ndoo ilikuwa moja. Radhia akaomba ndoo mbili kwa baba yake, akapanga foleni. Nguzo za ukutani zikafupika wiki baada ya wiki. Mwalimu mkuu, Mwalimu Filipo, akamwalika Mratibu wa Elimu wa kata aje aone. Mratibu alisimama mbele ya ule ukuta kwa muda mrefu, mikono nyuma, akimuuliza Radhia hili na lile. Febronia ndiye aliyebeba birika.

Tangu siku hiyo wivu ulihamia kwake kama mgeni asiyeaga. Alihesabu watoto waliokimbia kumpokea Radhia begi asubuhi, naye akijibebea lake. Nyumbani, mwanawe wa mwisho, Sara, aliyekuwa darasa la tatu, hakuwa na neno lingine ila "Mwalimu Radhia kasema." Hata saa ya mapumziko Radhia hakumwacha. Miaka ile mshahara ulikuja ukijisikia, na kila mwalimu alikuwa na kitu cha kuuza. Febronia aliweka sinia la karanga barazani, zimefungwa kwenye vipande vya gazeti. Kila siku saa nne na nusu Radhia alisimama kando ya sinia lile, akanunua pakiti mbili, akawagawia watoto wasio na kitu, akicheka nao mpaka ringi igongwe.

"Anaringia duka la baba yake," Febronia alimwambia Mwalimu Deo.

"Si ananunua lakini? Mwache anunue, dada."

Mwaka uliofuata Radhia alipata ujauzito, akaenda likizo ya uzazi. Filipo alimwita Febronia, akamsukumia kaunta buku juu ya meza.

"Utalishika wewe. Mwisho wa mwezi Mratibu anakaa na wazazi. Anataka kuona kama kitu hiki kinasimama bila mwenyewe. Sikufichi, Mwalimu. Kikisimama, ofisi ya nidhamu nitampa Radhia. Kikianguka, tunarudi tulikotoka."

Febronia alilibeba kwapani mpaka nyumbani, na njia nzima aliwaza namna ya kuliua. Kuandika uongo hakuweza. Jumapili alipokea komunyo, na mkono uleule usingeandika uongo. Lakini ukweli ulimtosha. Ataandika kila kitu. Radhia alipuuza misukumano midogo, vijembe, kamasi zilizopakwa shati la jirani. Yeye hatapuuza hata moja. Na chupa za alizeti atazitendea haki hivyo hivyo, mbegu kwa mbegu, asije mtu akasema alizionea.

Kwa wiki tatu aliandika mpaka kidole kikaota sugu. Nguzo za ukutani ziliinuka kama mtama wa mwaka wa mvua. Walimu walizitazama wakatikisa kichwa, na yeye alisikia utamu ambao hakuwa ameusikia tangu Radhia ashuke kwenye lile lori.

Alhamisi alasiri, kesho yake ndiyo mkutano, alikaa darasani peke yake na rula kuandaa hesabu ya mahali, kama Radhia alivyowaelekeza. Makosa yote, hamsini na mawili. Pampu, manne. Njiani, saba. Chooni, mawili. Barazani, thelathini na tisa.

Alihesabu tena. Thelathini na tisa. Akateremka kwenye safu ya saa: saa nne na nusu, saa nne na nusu, saa nne na nusu, mwandiko wake mwenyewe ukurasa mzima. Wenye kitu walinunua, wasio na kitu wakanyakua, ngumi zikafuata. Akainua macho. Kupitia dirishani aliliona sinia lake limeegemezwa ukutani, linang'aa kwa jua.

Alirudi nyuma kwenye kurasa za Radhia. Barazani, moja. Barazani, mawili. Wiki nyingine hakuna. Ndipo alipoelewa yule binti alikuwa anafanya nini pale kila saa nne na nusu na pakiti zake mbili. Alijua. Alijua zamani, akasimama pale kuzuia ugomvi kwa mwili wake na kicheko chake, akamsitiri mwalimu wa UPE asiaibike. Kwamba Radhia alipendwa kuliko yeye, Febronia angeweza kulimeza. Kuhurumiwa, hapana.

Ukurasa wa hesabu ulikuwa mmoja tu. Ungeweza kuchanika.

Ijumaa wazazi walijaa darasa la saba. Mratibu alikaa mbele, na Mzee Manase, mwenyekiti wa kamati ya shule, akampa Febronia nafasi. Alisimama, viatu vikagonga mara mbili.

"Makosa hamsini na mawili. Thelathini na tisa yametokea barazani, saa nne na nusu."

"Barazani kuna nini?" Mratibu aliuliza.

"Kuna sinia langu la karanga."

Mama mmoja kule nyuma akapasuka: "Ee! Kumbe mchokozi ni mwalimu wa nidhamu mwenyewe!" Darasa zima likacheka, na Filipo akainamisha kichwa.

Mzee Manase alingoja kicheko kiishe. "Mwalimu, hili ungeweza kulinyamazia."

"Ningelinyamazia, angekuja kulisema mwingine. Bora nilitangulie mimi." Akafunga kaunta buku. "Sinia halirudi. Jumatatu nitasimama palepale, mikono mitupu, niandike."

Wiki ile barazani yalikuwa makosa sita. Iliyofuata, mawili. Karanga akaziuza mnadani Ikungi, siku za mnada tu. Na ukuta, uliokuwa uanguke mikononi mwake, ukasimama kwa mikono hiyohiyo.

Radhia alirudi na mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa kiume huyo?"

"Wa kiume. Abdulmajidi." Akaangalia nguzo za chaki, akatabasamu. "Nilijua utaliweza."

"Na barazani ulijua."

Radhia alimrekebisha mtoto mgongoni. "Nilijua, mama."

"Ukanyamaza."

"Ningeanzaje kukuambia?"

"Kwa kuandika. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Binti alipoinua mkono kupokea kaunta buku, Febronia hakuliachia.

"Ofisi ni yako, Filipo keshasema, chukua. Hili lina mwandiko wangu, nalishika mimi."

"Sawa, mama."

Radhia alipoelekea ofisini, watoto wawili wa darasa la tatu walipita mbio mbele ya Febronia bila kumwona, kwenda kumpokea begi. Mmoja alikuwa Sara. Febronia aliwafuata kwa macho mpaka mlango wa ofisi. Kisha akaingia darasani kwao, akachukua mbegu mbili za alizeti mezani, na kwa kuwa ni jambo jema na amelishuhudia mwenyewe, akazidondosha ndani ya chupa, moja, halafu nyingine.