Mpera Uliorudi na Matope

Mpera ulio karibu na banda la kuku ni wa binti yangu wa tatu. Nilimwambia hivyo mpaka anaingia kaburini, na wanawe nawaambia hivyo hivyo. Ila wifi yangu, tuliyezeeka naye uwanja mmoja hapa Lumemo, Ifakara, hajawahi kukubali. "Umeokota mpera wa watu," husema, na matunda yake hayatii mdomoni.

Nilipoolewa nilitoka kwetu Mang'ula na mapera mawili kwenye kanga, mekundu ndani, harufu yake ukiwa barabarani unageuza shingo. Mbegu yake ndiyo ikawa mpera mama, ule wa mbele ya jiko. Nilikaa miaka bila mtoto. Mti ukazaa kabla yangu. Watoto walipoanza kuja, kila kitovu kilipokatika nilikizika, juu yake nikaotesha mche wa mbegu ya mpera ule. Wajukuu nao vivyo hivyo, mbegu kutoka mti wa mzazi wao. Kila mti unaitwa jina la mwenyewe. Majina yote ninayo kichwani, hata ya waliokwenda Dar wakasahau njia.

Binti wa tatu alikuwa anatambaa mto ulipofurika. Maji yakaondoka na mche wake. Yalipopungua nikakuta mche wa mpera umenasa kwenye ua wa jirani wa bondeni, mizizi juu. Nikauchukua, nikaurudisha pale pale. Alama yoyote haukuwa nayo. Ulipozaa, mapera yakawa meupe ndani. Wifi yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Binti naye alicheka. Mimi sikucheka, maana shaka ilikuwa yangu kabla ya kuwa ya wifi.

Mwaka juzi akaja msichana mtafiti, kapanda bodaboda, begi mgongoni.

"Shikamoo bibi. Nimeambiwa sokoni kwamba wewe unajua mama wa kila mpera hapa."

"Marahaba. Najua. Wewe wa nani?"

Tulipomaliza ukoo wake akaeleza shida yake: anatafuta ndani ya mpera ni kitu gani kinachoamua wekundu, utamu, na wingi wa mbegu. Alikamulia tone la pera kwenye kidude cha kupimia utamu, akakielekeza juani, akachungulia, akaandika. Akakata majani. Kisha akafunga kibati chenye namba kwenye kila mti, akaondoka.

Nilivifungua vyote. Watoto hawahesabiwi, na vitovu vyao viko chini pale.

Aliporudi wiki iliyofuata, aliita kwa sauti, "Bibi! Namba zangu!"

"Ziko kwenye sufuria. Andika majina."

Alikaa juu ya ndoo, akafuta jasho, akacheka kwa unyonge. Tukaanza upya, mti kwa mti. Nataja jina, nataja mti mama, yeye anakata jani. Tulipofika bandani nikataja jina la binti yangu tu.

"Na mama yake, bibi?"

"Hapo usiandike kitu. Uulize mti wenyewe."

Masika mawili yalipita. Juzi alirudi na karatasi pana, akaitandaza mkekani. Mistari imesimama wima, imekatwakatwa na vialama. Akasema ndani ya kila jani kuna uzi mwembamba jicho halioni, na vinasaba vimepangana juu yake, hakuna kinachoruka zamu. Amelinganisha miti ya mapera mekundu na ya meupe mpaka akajua wekundu unakaa wapi.

Mimi niliishia darasa la pili. Nikaweka kidole juu ya mstari nikaushuka taratibu kama barabara niliyojia: Mang'ula, Kisawasawa, Kiberege, Ifakara. Hapa wekundu, hapa mbegu chache. Ile safari yangu ya kanga ilikuwa imeandikwa ndani ya majani tangu siku ile, nami nafagia majani yale kila asubuhi natupa shimoni.

"Na wa bandani?" wifi akauliza kabla yangu.

"Ni mtoto wa mpera wa jikoni," msichana akasema. "Weupe umo hata kwa mama, ila kwake umejificha chini ya wekundu. Nyuki alipoleta mwingine kutoka mpera wa jirani, ukatokeza. Lakini bibi, nisikudanganye. Kama ni mche ule ule uliochukuliwa na maji, jani halisemi."

"Popo nao wanabeba mbegu," wifi akadakia.

"Wanabeba," nikasema. Sikuwa na ugomvi tena. Kwamba ni wa nyumbani, basi.

Wifi alinyanyuka na fimbo yake, akaenda bandani, akarudi na pera moja. Akalifuta kwa upindo wa kanga, akaling'ata kwa jino lake la pembeni, akatafuna muda mrefu bila kunitazama. Mbegu hakuzitema chini. Alizitemea kiganjani, akafumba.

"Kitukuu wangu kitovu kimekatika jana," akasema.