Simu Iliyojipiga Siku Tatu

Nilikuwa karani wa mradi mdogo wa afya mjini Migori, miaka ile barua pepe ilipoanza kufika kwetu. Tulikuwa na kompyuta moja, na kando yake modemu, kijisanduku kilichounganishwa na waya wa simu ili tutume na kupokea barua kupitia Nairobi. Mchana laini ya Nairobi ilikuwa taabu kuipata, kwa hiyo kila alfajiri nilienda ofisini kwa miguu kupiga kabla mji haujaamka. Nilichoka. Nikasoma kitabu kilichokuja na mashine, nikaiandikia maagizo: ipige yenyewe alfajiri, saa saba mchana na jioni, na ikikosa irudie kila dakika kumi mpaka ipate.

Ijumaa jioni niliiacha ikiwaka, nikaenda kwetu Macalder kumtazama mama yangu aliyekuwa akiumwa. Nilijivuna. Nilimwambia kuna mashine inanifanyia kazi huku nimeketi naye.

Jumatatu asubuhi nilimkuta fundi wa simu mlangoni pa ofisi. Siku zote tulitaniana. Siku hiyo hakucheka.

"Wikendi nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu."

"Kuna simu inatoka hapa kila dakika kumi, usiku na mchana. Inaenda kwa yule mama wa duka la vitambaa. Mpigaji hasemi kitu. Ameshaenda polisi."

Nilifungua mlango. Kwenye skrini mstari mmoja ulijirudia toka juu hadi chini: imepiga, imekosa, imepiga, imekosa. Nikaitazama namba. Nilikuwa nimesahau tarakimu mbili za mbele, zile za kupigia Nairobi. Bila hizo simu ilibaki hapa hapa Migori. Tukiwa tumesimama pale, modemu ikaanza kupiga tena. Niliung'oa waya ukutani.

Wazo la kwanza lilikuwa kufuta kila kitu. Zaidi ya fundi, nani angejua? Nilishaweka kidole kwenye kibodi. Nilijiona korokoroni, nikamwona mama yangu akiambiwa.

Fundi akasema polepole, "Twende ukamwambie mwenyewe, kabla askari hawajaja."

Mlango wa duka ulikuwa nusu wazi. Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima kutoka Mombasa. Mumewe alikuwa amevuka mpaka pale Sirari kwenda Mwanza kununua bidhaa, na alitarajiwa kupiga simu Ijumaa. Watoto alikuwa amewapeleka kwa jirani. Yeye alikuwa ameketi kwenye mkeka, simu mapajani, macho mekundu.

"Kila nikiinua, kimya," alisema. "Kisha kitu chalia, pi, pi, kisha kimya tena. Nikasema huyu ni mume wangu, ameshikwa na watu, hawezi kusema. Nikamwambia, kohoa basi, nijue ni wewe, nikaishikilia nikingoja."

Nilipiga magoti. "Mama, hiyo ilikuwa ni mashine. Mashine ya ofisi yetu. Mimi ndiye niliyeandika namba vibaya."

"Hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu, mama."

Aliitua simu mkekani. "Kwa hiyo mume wangu hakupiga hata mara moja."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuja kumwondolea hofu, kumbe nilikuwa nimemnyang'anya sauti aliyokuwa akizungumza nayo siku tatu. Likaja na lingine baya zaidi, nikalisema kwa sababu nisingeweza kulificha: "Au alipiga, akakuta mashine yangu imeshika laini."

Fundi alirudi kazini kwake kuuliza kwa wenzake wa ng'ambo ya mpaka. Mimi nilibaki. Hakunifukuza, wala hakunipa kiti. Tuliikodolea macho ile simu mpaka adhuhuri ikapita.

Ilipolia, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Inua wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Niliinua. Sauti ya mwanamume, mbali, yenye mikwaruzo, iliuliza kama hapo ni dukani. Alikuwa muuguzi wa hospitali moja upande wa Tarime. Mume wa mwenye duka alilazwa Ijumaa, malaria ilimpanda kichwani. Walijaribu kupiga Jumamosi na Jumapili, wakakuta laini inatumika. Leo ameamka, ameomba uji.

"Yu hai, mama," nikasema, nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akalia bila sauti.

Askari wawili walifika baadaye. Nilisimama nikiwa tayari kwenda nao. Yule mama akawaambia, bila kunitazama, "Ilikuwa mashine mbovu. Yamekwisha."

Nilirekebisha namba, lakini wiki nzima sikuiacha ipige peke yake. Kila saa ya kupiga ilipofika niliweka sikio kwenye modemu mpaka nisikie mashine ya Nairobi ikiitikia. Mumewe alirudi mwisho wa wiki hiyo, amekonda, akitembea kwa kushika ukuta. Nilipeleka mayai na mkate. Mume alinishukuru. Mkewe aliupokea mfuko mlangoni. Miaka yote niliyobaki Migori aliitikia salamu yangu kila nilipopita, lakini hakuwahi kunikaribisha ndani.