Baba na Barabara ya Barafu

Baba aliamua kwamba ataendesha gari mwenyewe kabla hata hatujajua kama tutapata viza.

Kaka yangu alikuwa amepata mtoto. Anaishi kaskazini kabisa mwa Ulaya, katika mji mdogo ambao alifuata kazi ya kiwanda cha samaki, akapata mke, akakaa. Mtoto alikuwa wa kiume na wa kwanza, kwa hiyo akapewa jina la baba yetu, kama desturi yetu ya Kikuyu inavyotaka. Ubatizo ulipangwa mwezi wa tatu, majira ya baridi ya huko yakielekea kuisha. Siku kaka alipotupigia simu ya video kutuambia, baba aliinuka kwenye kochi kana kwamba padre ameingia sebuleni.

"Nitakuja kujiona," akasema.

Mama hakutaka hata kufikiria. "Friji ninayo hapo jikoni," akasema. "Nikitaka baridi nitaifungua nisimame mbele yake." Hivyo safari ikabaki kuwa ya baba na mimi, na kuipanga ikawa kazi yangu, eti kwa sababu mimi ndiye ninayejua mambo ya intaneti. Mimi nashona mapazia Ruiru. Mambo ya intaneti ninayoyajua ni ya kutafuta bei ya kitambaa.

Kutoka mji mkuu wa nchi ile hadi kwa kaka kuna ndege ndogo, na kaka alitushauri tupande hiyo. Baba akakataa. Alikuwa ameendesha malori ya mananasi hapa Thika tangu ujana wake, kisha trela za Kampala, Kigali na Juba mpaka akastaafu, na hajawahi kuona barabara kwenye ramani asitake kujua inaishia wapi.

"Niruke juu ya nchi ya watu kama kunguru, nisione kitu?" akaniuliza. "Tutakodi gari, maitu. Tutaendesha."

Huniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Akiniita hivyo huwa ameshaamua.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa nikawa natoka kwangu Mwihoko naenda kwao Thika, tunaketi mezani na kupanga. Ramani ya kwenye simu hakuitaka. Nilimchapishia vipande vipande kwenye saiba, tukaviunganisha kwa selotepu mpaka vikafunika meza nzima, na mama akawa anatupa chai tukiwa tumeshika vikombe mikononi. Kaka alikuwa amesema safari tuigawe siku tatu, kwa sababu kule dhoruba ya theluji ikishuka milimani barabara hufungwa na hakuna wa kubembeleza. Mimi nikaandika siku tatu. Jumapili iliyofuata nikakuta baba ameifuta ya tatu.

"Siku mbili zinatosha. Hiyo ni Mombasa na kurudi."

"Baba, Mombasa hakuna barafu."

"Mombasa kuna malori," akasema, na kwake mjadala ulikuwa umeisha.

Nilibishana naye nikachoka. Kila alipobadilisha kitu, mimi nilibadilisha hoteli, kisha gari, kisha makaratasi ya viza, ambayo yalitaka kila usiku tutakaolala ujulikane. Nikiwa dukani, mteja ananieleza kimo cha madirisha yake, simu inalia: baba ameona mji mwingine kwenye ramani, unapendeza, hatuwezi kupitia hapo? Nilikuwa nakata kitambaa vibaya. Pazia la mtu mmoja lilitoka fupi kuliko dirisha na sikuwa na wa kumlaumu ila nchi ambayo sijaikanyaga.

Halafu kukawa na suala la gari lenyewe. Kaka alisema magari mengi ya kukodi kule siku hizi ni ya umeme. Niliposoma maelezo na kumwambia baba kwamba baridi hufanya betri iishe mapema, alivua kofia.

"Gari la kuchaji kama simu?"

"Ndiyo, baba."

"Nikwame kwa barafu nikitafuta soketi? Zii. Tafuta la dizeli. Na liwe la giya, si hayo ya kujiendesha yenyewe."

Nililitafuta mpaka nikalipata. Kitu kimoja tu kilimfurahisha katika mambo yote niliyomsomea: kwamba tairi za kule hutiwa misumari midogo ili zishike barafu. Hilo alilisimulia kila mahali, kwa kinyozi, kwa wazee wa kanisa, kwa jirani anayefuga kuku. "Sisi huku tunaogopa msumari," alikuwa akiwaambia, "wenzetu wanaupigilia wenyewe!" Na kwa kuwa kule usukani uko kushoto, alianza mazoezi. Nilifika Thika Jumapili moja nikamkuta uani ndani ya gari lake kuukuu lililoegeshwa, ameketi kiti cha abiria, mkono wa kushoto umeshika usukani wa hewa, wa kulia unatafuta giya. Mama alikuwa dirishani akimtazama.

"Ameenda mbali," mama akaniambia. "Hata chai amekataa."

Nilicheka. Lakini siku hiyohiyo niliona jinsi alivyoibeba ramani hadi mlangoni ili aisome, na jinsi alivyomimina chai kando ya kikombe akasema meza imepinda. Nikamwambia twende tupime macho. Akasema macho yake yameona Juba. Ilinichukua majuma kadhaa, na mwishowe nikamdanganya kwamba wenye magari ya kukodi wanataka cheti.

Daktari wa macho pale mjini Thika alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimwangalia kwa taa yake, akamwambia asome herufi, akamwangalia tena.

"Mzee, una mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili, na la kulia limefika mbali. Tutakufanyia upasuaji utaona vizuri, lakini hautawahi safari yako. Kwa sasa usiendeshe gari."

Baba alimshukuru vizuri sana. Tulipofika nje akageuka.

"Yule msichana ni mdogo."

"Ni daktari, baba."

"Hata mimi nilikuwa mdogo. Nilijua nini?"

Akaingia garini, upande wa dereva, akawasha. Nilikataa kupanda. Nilisimama pale kando ya barabara nikimwambia ashuke, watu wanapita wanatutazama, na yeye akaondoka akaniacha. Jioni kaka akapiga simu akasema basi niendeshe mimi, leseni ninayo, ama gari tulifute, tupande ndege. Baba akasema basi na yeye afutwe. Tukakaa bila kuzungumza. Ujumbe ulipitia kwa mama, naye alikuwa akiufupisha: "Baba yako amesema hapana."

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia. Usiku wa viza na hoteli na karatasi ulikuwa wangu, na sasa mtu mmoja, kwa kiburi cha usukani, alikuwa tayari kukosa kumwona mjukuu wake kuliko kuketi upande wa pili.

Alikuja mwenyewe Mwihoko siku moja mvua ikiwa imenyesha tangu asubuhi. Alipiga honi langoni.

"Panda," akasema. "Nikuonyeshe kuteleza ni nini, halafu uniambie kama siwezi."

Ukiacha lami kuingia kwetu, udongo ni mweusi, ule unaoganda kwenye kiatu, na ukilowa hauna tofauti na sabuni. Niliingia kwa sababu nilikuwa nimechoka kukasirika. Na ni lazima niseme ukweli: alijua. Aliliacha gari liteleze makusudi, makalio ya gari yakaenda kushoto, naye akageuza usukani kidogo tu upande huohuo, bila breki, bila haraka, gari likarudi mstarini kama ng'ombe anayejua zizi lake. Akafanya tena. Uso wake ulikuwa wa kijana.

"Umeona?" akasema. "Hapo hukanyagi kitu. Unangoja. Barafu ni hii hii, tofauti ni ra—"

"Baba! Mama huyo! Baba!"

Mwanamke alikuwa akitembea ukingoni upande wa kulia, mwavuli mkononi, kiroba cha kabichi begani. Hakuwa amejificha. Hakutokea ghafla. Alikuwa pale muda wote, na gari lilikuwa linamwendea. Baba akakanyaga breki, kile kitu alichoniambia sasa hivi nisifanye, tukazunguka, nikaona ukuta wa mabati ukipita mbele ya kioo, kisha tukatulia ndani ya mtaro gari limeinama upande mmoja.

Yule mama alikuwa ameruka kando akaanguka. Alisimama, tope kuanzia kifuani hadi miguuni, na kabichi zimetapakaa njiani.

"Kwani mzee hunioni?" akapiga kelele. "Nimekuwa hapa! Hunioni?"

Hakuwa ameumia. Baba alishuka, akaanza kuokota kabichi moja moja, anazipangusa kwa koti lake la Jumapili na kuzirudisha kwenye kiroba, na yule mama, alipomaliza matusi, akawa anamwambia basi, mzee, zitaoshwa. Vijana wa bodaboda walitoka kwenye kibanda chao wakasukuma gari mpaka likatoka. Baba alikuwa amesimama mvuani.

"Sikumwona," akaniambia. "Hata kidogo."

Kwa miezi mizima nilikuwa nimetaka kumshinda, na sasa sikutaka. Alizunguka gari akaketi kushoto, akafunga mkanda, akangoja niendeshe.

Tangu siku hiyo alinifunza kuendesha kwenye utelezi, na ningekwambia kwamba tulipatana, lakini ualimu wake ulikuwa mbaya kuliko ukaidi wake. Kila mvua ilipomwagika alikuwa anapiga simu kwamba njia ni nzuri leo. Nilifunga duka tukaenda kwenye matope. "Nimesema nini kuhusu breki? Nimesema nini?" "Usitazame mtaro, ukiutazama utauingia!" "Hiyo ni giya ama ni mchi wa kinu?" Mara moja nililia, nikasimamisha gari kando.

"Lia, maitu," akasema. "Lakini lia ukiendesha. Kule hautapata mahali pa kusimama."

Viza zikatoka kukiwa kumebaki siku chache. Tulinunua majaketi na viatu vya baridi kwenye mitumba sokoni Thika; viatu vya baba vilikuwa vya rangi ya waridi ndani, akasema hakuna atakayeona. Tukaruka. Kwenye kaunta ya magari kule, kijana mwenye tabasamu akatuambia kwamba lile gari letu la dizeli halipo, limepata hitilafu, lakini ametupa zuri zaidi. La umeme. Nilimtafsiria baba nikiangalia sakafu.

"Muulize waya yake ni ndefu kiasi gani," akasema.

Siku ya kwanza nikaendesha vizuri. Baba alikuwa na ramani yake ya selotepu magotini, hawezi kuisoma, lakini alikuwa anaijua kwa moyo. "Punguza. Kuna kona. Baada ya kona kuna ziwa." Na kweli kulikuwa na ziwa, limeganda, jeupe, na juu yake watu wameketi kwenye viti wakivua samaki kwenye mashimo. Alinifanya nisimame. Alishuka akaligusa kwa kiatu.

Siku ya pili, ile ambayo tungefika, tulikuta kizuizi chini ya mlima na taa nyekundu. Upepo ulikuwa unavuta theluji juu ya lami kama moshi. Magari yalikuwa yamejipanga, watu wametulia ndani wakila mikate, hakuna aliyepiga honi. Mwanamume mwenye fulana ya kung'aa akaja dirishani akatuambia mlima umefungwa, pengine kesho. Nikamwomba. Nikamwambia kuna ubatizo kesho asubuhi, huyu mzee ametoka Kenya. Alisikitika kweli, nilimwona. Akasema pengine kesho.

Baba alitazama mbele. Wala hakusema neno kuhusu siku ya tatu. Mimi nilikuwa nayo mdomoni, nimeishika kwa meno, na sijui hadi leo kama kutoisema ilikuwa heshima ama uchovu. Tulirudi nyuma tukalala kwenye nyumba ya wageni, na mlima ukafunguliwa kesho yake mchana, wakati mtoto alikuwa ameshabatizwa, keki imekatwa na wageni wameenda kwao.

Kaka alitupokea mlangoni na soksi tu miguuni, kwenye theluji. Hakutulaumu. Ingekuwa afadhali angetulaumu. Mtoto alimtazama baba, akatazama kofia yake, akalia, akarudishwa kwa mama yake. Tulipewa supu ya samaki. Kisha kaka akaleta simu akasema walirekodi yote, hata sehemu ya maji.

Baba aliisogeza simu karibu na uso, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Akanipa mimi.

"Nisomee," akasema.

Nikaketi kando yake nikamweleza. Kanisa ni dogo, la mbao. Sasa kaka anakuja mbele, amevaa suti. Sasa mchungaji, mwanamke, amemchukua mtoto.

"Analia?"

"Halii."

"Ongeza sauti. Nataka kusikia akitajwa."

Nikaongeza. Mchungaji alitia mkono majini, akainama, akalitamka jina la baba polepole kwa ulimi wa kwao, silabi zote mahali pasipo pake.

"Amekosea," baba akasema. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Tukasikiliza tena, kaka akitutazama, supu ikipoa.

"Amekosea," akasema. "Leteni huyo mtoto hapa."